Nani Analipia Mvua ya Koriba?

Mwaka 1988 mwandishi Mmarekani Mike Resnick alichapisha hadithi fupi iitwayo Kirinyaga, na mwaka uliofuata ikamletea tuzo ya Hugo, inayotamaniwa sana na waandishi wa hadithi za kisayansi. Aliendelea kuandika nyingine za kuifuata, na mwaka 1998 zikatoka pamoja kama kitabu kwa jina hilohilo. Kirinyaga yake si mlima. Ni kijisayari kilichofanyiwa kazi na wahandisi hadi kikapata hewa, mito, nyasi na fisi, ili Wakikuyu waliochoshwa na Kenya ya karne ya 22 wahamie huko na kuishi kama walivyoishi mababu zao kabla ya Mzungu kufika. Anayewaongoza ni mganga mzee, Koriba, aliyesoma Cambridge na Yale kisha akavipa kisogo vyote alivyovikuta huko, isipokuwa kompyuta moja. Mashamba yakikauka, Koriba hufanya ibada mbele ya watu. Halafu hujifungia kibandani, huwasha kompyuta na kuwaomba mafundi wa angani waisogeze kidogo njia ambayo kijisayari hupitia. Mvua hunyesha. Wanakijiji humshukuru Ngai, na mganga huzidi kuogopwa.

Kama kuna mahali pa kuipimia hadithi hiyo, ni Kanja. Mji huu mdogo wa eneo la Runyenjes, kaunti ya Embu, uko upande wa kusini-mashariki wa Kirinyaga halisi, ule mlima wa mita 5,199 ambao Resnick aliuazima jina. Mkulima wa huku anajua kwamba mvua ina njia zake. Upepo hutoka Bahari ya Hindi ukiwa umebeba mvuke. Ukiukuta mlima hauna budi kupanda, na kila ukipanda kilomita moja hupoa kwa digrii 6 hadi 10, mpaka mvuke ukageuka matone. Ndiyo maana upande wa Embu, Chuka na Meru hupata mvua nyingi kuliko Nanyuki, iliyo kisogoni mwa mlima. Na ndiyo maana ukiteremka kutoka kwenye chai inayopakana na msitu, ukapita kahawa na migomba, utajikuta Mbeere kwenye mtama na migunga, umbali ambao baiskeli huumaliza kwa asubuhi moja. Mvua ya hapa ni kazi ya bahari, jua na jiwe kubwa lililosimama njiani.

Sasa tumfuate Koriba kibandani mwake.

Hata kabla ya mvua kuna suala la hewa. Tuchukue gimba kubwa kuliko yote katika ukanda ulio kati ya Mirihi na Mshtarii, yaani Ceres, lenye upana wa kilomita 940 hivi. Nguvu yake ya mvutano haifiki hata asilimia 3 ya ile ya Dunia. Kitu chochote kinachokwenda kwa kasi ya nusu kilomita kwa sekunde huondoka pale na hakirudi tena. Na molekuli za naitrojeni, ambazo ndizo sehemu kubwa ya hewa tunayovuta, kwa joto la mchana wa kawaida hukimbia kwa wastani wa nusu kilomita kwa sekunde. Maana yake ni kwamba hewa ya Koriba ingekuwa inatoroka mchana na usiku. Mvuke wa maji, ulio mwepesi kuliko naitrojeni, ungetangulia. Mwandishi anayetaka kijisayari chenye mawingu hana budi atuambie kinafunikwa na nini, au nani anajaza hewa inayopotea, na anaitoa wapi.

Kisha kuna kule kusogeza. Tarehe 26 Septemba 2022 shirika la NASA lilikigongesha chombo cha DART, chenye uzito wa zaidi kidogo ya nusu tani, kwenye jiwe la angani liitwalo Dimorphos. Jiwe hilo lina upana wa mita 160 hivi, na chombo kiliwasili kwa kasi ya kilomita 6 kwa sekunde. Muda wa jiwe kulizunguka jiwe lenzake kubwa ulipungua kwa dakika zipatazo 32, kutoka saa 11 na dakika 55. Hiyo ndiyo mara ya kwanza binadamu kubadilisha kwa makusudi mwendo wa gimba la angani, na wanasayansi walishangilia, kwa haki kabisa. Lakini Ceres ina uzito wa kilo zipatazo 940 ikifuatiwa na sifuri kumi na nane. Kuibadilishia mwendo kwa mita 10 tu kwa sekunde, ambayo ni kasi ya mwanariadha wa mbio fupi, kungedai nishati sawa na ile inayotumiwa na wanadamu wote kwa zaidi ya miaka 70, kwa viwango vya sasa. Koriba anaipata kwa kubonyeza, na hakuna hata mmoja katika kitabu anayeletewa bili.

Lipo jambo la tatu, na kwangu ndilo kubwa zaidi: hata gharama hiyo ikilipwa, mvua inaweza isije. Dunia yenyewe hukaribia jua mwanzoni mwa Januari, umbali wa kilomita milioni 147, na hufika mbali zaidi mwezi Julai, kilomita milioni 152. Tofauti hiyo hutuongezea mwanga wa jua kwa karibu asilimia 7, ilhali Januari si mwezi wa mvua Kanja. Mvua ndefu hushuka Machi hadi Mei na zile fupi Oktoba hadi Desemba, kwa sababu mhimili wa Dunia umeinama digrii 23.4, na jua huonekana kuvuka Ikweta likienda na likirudi, likiuvuta nyuma yake ule mkanda wa mawingu wa tropiki. Majira yetu yanatokana na mwinamo. Koriba anakaza skurubu isiyohusika.

Nimeandika haya yote kwa sababu nakipenda kitabu hiki, na kwa sababu naamini hapa ndipo hadithi ya kisayansi inapofaulu au kuanguka. Mtambo wa kubuni hauhitaji kuwa umekwisha kujengwa. Unahitaji kuwa na gharama, na gharama hiyo imwangukie mtu fulani ndani ya hadithi. Nishati itoke mahali. Joto liende mahali. Maji yakipatikana huku, yawe yamepungua kule. Mwandishi akishika sharti hilo, msomaji atamkubalia karibu kila kitu kingine, hata kwenda nyota za mbali. Akilikwepa, istilahi zote za maabara hazitamwokoa.

Wapo wanaodhani sharti hilo huifunga kamba shingoni mwa ndoto. Mimi naona huizalia visa. Tumpe Koriba mtambo mwingine: kioo angani. Tarehe 4 Februari 1993 Warusi walikunjua karibu na kituo chao cha Mir kioo cha utando mwembamba chenye upana wa mita 20, walichokiita Znamya 2. Doa la mwanga wake, lenye upana wa kilomita 5 hivi, lilipita juu ya Ulaya kwa kasi ya kilomita 8 kwa sekunde, kutoka kusini mwa Ufaransa hadi magharibi mwa Urusi. Kwa hiyo kioo si porojo. Lakini kioo kinachozunguka karibu hupita upesi mno kukausha hata shati. Ili kitulie juu ya Kanja hakina budi kukaa kilomita 35,786 juu ya Ikweta, ambako vyombo huzunguka kwa mwendo uleule wa Dunia. Na hapo maumbile yanadai haki yao: jua si nukta, ni duara lenye upana wa nusu digrii kwa macho yetu, kwa hiyo mwanga unaorudishwa kutoka umbali huo hutanuka hadi upana wa zaidi ya kilomita 330, hata kioo kiwe kimenyooka namna gani.

Tazama kinachofuata. Mganga hawezi tena kuipa mvua au ukame kijiji kimoja. Akiupasha joto mteremko wa Kanja ili hewa ipande na mawingu yajenge, ameipasha na Mbeere, na Kitui, na Nyeri, na Nairobi. Akitaka kuongeza asilimia 10 tu ya mwanga wa jua, atahitaji kioo chenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 8,500, mara tatu ya kaunti nzima ya Embu. Nani atakiunda? Nani atakizuia kisiende kombo? Mfugaji wa Mbeere ambaye jua lilikuwa tayari limemtosha atasema nini? Hadithi imejiandika yenyewe, na ni hadithi yetu: ya watu wa juu na watu wa chini, ambao siku zote wamegawana mto mmoja kwa manung'uniko. Resnick alilikosa hilo. Mvua yake haina jirani.

Si kwamba kuchezea mawingu ni jambo geni Kenya. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa ile ya 1970, juu ya mashamba makubwa ya chai ya Kericho na Nandi Hills, ndege zilikuwa zikirushwa kulipua chembe za iodidi ya fedha ndani ya mawingu ili kupunguza mvua ya mawe. Chembe hizo huyapa maji yaliyopoa kupita kiasi mahali pa kugandia, kwa matumaini kwamba barafu nyingi ndogondogo zitashuka badala ya chache kubwa zinazochana majani. Matokeo yalizua ubishi, maana wingu haliwezi kurudishwa nyuma uone lingefanya nini bila dawa. Ubishi wa namna hiyo, kama mvua ililetwa au ilikuja yenyewe, ungeifaa sana hadithi ya Koriba. Kompyuta yake isiyokosea kamwe iliuua mapema.

Nadhani kosa la fizikia na lile la utamaduni katika kitabu hicho ni ndugu. Hali ya hewa isiyo na gharama imewekwa pamoja na utamaduni usiobadilika, kana kwamba watu wa mlima huu waliishi bila kujaribu, kuuza, kuoa majirani, kuchimba mitaro na kubadilisha mbegu. Namtendea haki Resnick nikikumbusha kwamba Koriba hushindwa, na mwishoni anaiacha dunia yake na kurudi Kenya. Ila anashindwa kwa sababu watu wamebadilika. Mtambo wake wenyewe haujamsaliti hata siku moja.

Mfano wa pili nitaupitia haraka. Mwingereza Arthur C. Clarke, katika riwaya ya The Fountains of Paradise ya mwaka 1979, aliwazia lifti ya kupandia angani: kamba inayoshuka kutoka kwenye ule urefu wa kilomita 35,786 hadi kilele cha mlima. Lifti hiyo hutaka Ikweta, na Clarke, aliyekuwa akiishi Sri Lanka, aliisogeza nchi hiyo kusini ndani ya riwaya ili ilingane na hesabu. Alikuwa na heshima kwa hesabu kiasi hicho. Sisi tusingelazimika kusogeza chochote: kilele cha Mlima Kenya kiko dakika chache tu za digrii kusini mwa Ikweta. Tatizo ni kamba. Waya bora wa chuma ukining'inizwa hukatika kwa uzito wake mwenyewe kabla haujafika kilomita 50, na vijineli vya kaboni, vyenye nguvu ya kutosha kwa makisio, vilipofikishwa nusu mita mwaka 2013 nchini China ilikuwa habari kubwa. Hapo kuna tofauti ya kuzingatia. Lifti ya Clarke haijakatazwa na kanuni yoyote, inasubiri kamba. Hewa ya kijisayari kisichofunikwa haisubiri kitu, kwa kuwa inapingana na mwendo wa molekuli zenyewe.

Na zipo kazi ambazo hatuna haki ya kuzitolea rula. Katika Walenisi, riwaya ya Katama Mkangi ya mwaka 1995, Dzombo anatupwa angani ndani ya chombo kama adhabu ya kifo, na anafika kwenye ulimwengu wenye haki. Mkangi, mwanasosholojia aliyetiwa kizuizini na serikali mwaka 1986, hakuwa anatufundisha uhandisi wa roketi. Chombo chake ni daraja la kufikia swali la kisiasa, na anatuonyesha tangu mwanzo kwamba ndivyo kilivyo. Kumuuliza mafuta yalitosha vipi ni utovu wa adabu.

Pumzi ya Wanuri Kahiu ni jambo jingine, kwa sababu yenyewe imejiwekea masharti. Filamu hii ya dakika zipatazo 21, iliyotengenezwa mwaka 2009 na kuonyeshwa katika tamasha la Sundance mwaka 2010, inatupeleka miaka 35 baada ya Vita Kuu ya Tatu, vita vya maji. Watu wa jumuiya ya Maitu, katika eneo la Afrika Mashariki, wanaishi ndani ya jengo lililofungwa. Kila mtu ana mgao wa maji. Jasho hukusanywa, mkojo husafishwa na kurudi kwenye chupa. Umeme huzalishwa na wakazi wenyewe kwenye mashine za mazoezi. Asha, mtunzaji wa makumbusho ya viumbe vilivyopotea, anapokea udongo usio na sumu na kuotesha mbegu ndani yake.

Upande wa maji Kahiu amesimama imara. Jiji la Windhoek nchini Namibia limekuwa likirudisha maji taka yaliyosafishwa kwenye mabomba ya kunywa tangu mwaka 1968. Katika kituo cha kimataifa cha anga, mwaka 2023 NASA ilitangaza kwamba imefikia kurudisha asilimia 98 ya maji, yakiwemo ya jasho, pumzi na mkojo. Kile kinachomshtua mtazamaji, Asha akinywa kilichotoka mwilini mwake, ndicho cha kweli kuliko vyote.

Umeme ndio unaoyumba. Mtu mwenye afya anayekanyaga pedali kutwa hutoa kama wati 75. Kwa saa nane hizo ni wati-saa 600, za kutosha jagi la umeme kwa dakika 18 hivi. Bwawa la Gitaru kwenye mto Tana, upande wa chini wa kaunti hii ya Embu, lina uwezo wa megawati 225. Kulifikia kwa pedali ungehitaji watu milioni tatu wakikanyaga kwa pamoja, karibu mara tano ya wakazi wote 608,599 waliohesabiwa Embu mwaka 2019. Na watu hao wanakula. Mwili hugeuza kuwa kazi ya miguu robo tu, au chini ya robo, ya nishati ya chakula, kwa hiyo kila mkanyagaji angehitaji, juu ya mlo wake wa kawaida, nishati iliyomo katika gramu 650 hivi za unga wa mahindi. Katika nchi isiyo na mmea hata mmoja, unga huo umeota wapi? Najua mashine hizo zipo kuonyesha watu walivyogeuzwa kuwa mafuta ya dola, na picha yenyewe inakaa akilini kwa miaka. Ila ingeuma zaidi kama tungeona ghala la chakula, na nani anashika ufunguo wake.

Jasho nalo lina siri ambayo Frank Herbert, katika riwaya ya Dune ya mwaka 1965, aliikabili kwa vazi linalorudisha unyevu wote wa mwili jangwani. Jasho halipo ili litoke. Lipo ili likauke, na likikauka huondoka na joto: lita moja hubeba kilojuli zipatazo 2,400. Ukiukusanya mvuke huo na kuugeuza maji tena ndani ya vazi, unalirudisha joto lilelile hadi tone la mwisho, na aliyelivaa atapikika. Vazi la aina hiyo linahitaji pampu ya joto na nishati ya kuiendesha. Wafanyakazi wa viwanda vya chai vya Rukuriri na Mungania wanaijua gharama hiyo kwa upande wa pili. Kilo moja ya chai kavu hutoka kwenye kilo nne na nusu hivi za majani mabichi; yaani kilo tatu na nusu za maji hufukuzwa, na kazi hiyo ndiyo inayokula kuni kwenye matangi ya mvuke. Kijana wa Kanja aliyewahi kuona malori ya magogo ya mikaratusi yakiingia kiwandani ana msingi wa kutosha kuandika hadithi ya vazi la jangwani bora kuliko la Herbert. Natamani aiandike, na natamani walimu wake wa fizikia na wa Kiswahili wakae chumba kimoja siku atakapoanza.

Mwishoni mwa Pumzi Asha anatoroka, anatembea jangwani, anapanda mche wake na kuumwagia maji aliyobakisha, hata jasho lake. Kisha kamera inapanda juu, na tunaona kijani kikienea. Watu hulitazama tukio hilo kama ishara tu. Mimi nalihesabu kuwa teknolojia ya kuthubutu kuliko zote ndani ya filamu, na swali la kama inawezekana linajibika hapa mlimani. Wangari Maathai, aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, alitoka Nyeri, upande wa pili wa Kirinyaga hiihii, na kazi yake yote ilisimama juu ya hoja kwamba msitu hurudisha mvuke hewani, huzuia udongo na hulisha chemchemi. Msitu wa mlimani hata hunasa ukungu kwa majani yake na kuudondosha chini kama maji.

Lakini si kila mti. Mkaratusi huo unaokausha chai yetu hunywa kwa pupa, kiasi kwamba mwaka 2009 John Michuki, akiwa waziri wa mazingira, aliagiza mikaratusi ing'olewe kwenye kingo za mito na maeneo chepechepe. Kahiu hatuambii mche wa Asha ni wa aina gani. Ukiwa mkaratusi, chupa moja ya maji haifiki mbali, na mche wowote utakaopandwa kando yake baadaye utakosa chake. Ukiwa mugumo, ule mtini wa kienyeji, jumuiya ya Maitu italazimika kuusubiri na kuumwagia maji miaka mingi, kutoka kwenye mgao uleule. Atakayeandika muendelezo wa hadithi hiyo aanzie hapo: Asha amekufa, mti mmoja umeshika, na ndani ya jengo baraza linapiga kura ni mililita ngapi zitolewe kwenye chupa ya kila mtu kila siku ili wa pili upandwe.